Usiende kwa daktari mikono mitupu: ushauri kwa mwenye TOC na jamaa zake mjini Goma

Swali ni lile lile, hubadilika jina la kartie tu. Leo linatoka Ndosho: "Mke wangu ananawa mpaka ngozi inachubuka. Tumeomba, tumefunga, sasa tumpeleke wapi?" Kesho linatoka Himbi: "Kila asubuhi narudi nyumbani mara nne kuangalia kama mbabula imezimika. Kazini wananicheka. Je, ndiyo kichaa kinaanza?" Na lipo lile linaloandikwa kwa maneno machache, bila jina: "Ninaponyonyesha mtoto linanijia wazo la kumdhuru. Nisaidieni, sitaki."

Nitajibu yote matatu hapa, maana jibu lake ni moja. Huo si ukichaa. Ni ugonjwa unaojulikana, una dawa, una mazoezi, na Goma kuna mlango wa kubisha. Wengi hubisha mlango huo wakasema tu "nina mawazo mengi, silali", wakapewa kidonge cha usingizi, wakarudi nyumbani na ugonjwa wao mzima mzima. Kwa hiyo sehemu kubwa ya makala hii inahusu mambo ya kufanya kabla hujafika kwa daktari.

Jina la kubeba mfukoni

Madaktari wetu wamesomea Kifaransa, na kwa Kifaransa ugonjwa huu huitwa kwa kifupi TOC. Liandike hivyo, herufi tatu. Ukivuka kwenda Kigali au Kampala, andika OCD.

Usiseme "nina wasiwasi" ukaishia hapo. Nusu ya Goma ina wasiwasi, na ina sababu. Ajabu ni kwamba neno lenyewe lilianzia karibu kabisa na ugonjwa huu: kwa Kiarabu waswasi ni mnong'ono unaomrudia mtu moyoni, na wanazuoni wa Kiislamu walikuwa wakilitumia tangu zamani kwa mtu anayerudia udhu mara kumi kwa shaka kwamba haujatimia. Sisi tumelipanua hadi likapoteza makali.

TOC ina vipande viwili, na daktari anatafuta vyote viwili:

- Wazo king'ang'anizi: linakuja bila kuitwa, linakuchukiza au kukutisha, ukilifukuza linarudi.
- Tendo la kulituliza: kunawa, kukagua, kuhesabu, kupanga, kuuliza "una hakika?", kurudia sala kimoyomoyo. Linatuliza kwa dakika chache, kisha wazo linarudi na kudai tena.

Tendo linaweza kuwa la ndani kabisa, asilione mtu. Mama wa barua ile ya tatu huenda haoshi wala hakagui chochote, lakini amekwisha ficha visu vyote, hakubali kubaki peke yake na mtoto, na usiku anajihoji mpaka alfajiri kama yeye ni muuaji. Hayo nayo ni matendo.

"Lakini hapa kwetu hatari ni za kweli"

Pingamizi hili nalisikia sana, na lina haki yake. Kipindupindu hakijawahi kutuaga tangu mwaka 1994. Ebola iliyotangazwa Kivu Kaskazini Agosti 2018 ilifika Goma Julai 2019, na hadi ilipotangazwa kuisha Juni 2020 hakuna ofisi iliyokuwa haina ndoo ya maji ya klori mlangoni. Nyumba zetu za mbao zikishika moto Birere, hauungui mlango mmoja. Nyiragongo ilishuka Januari 2002, ikashuka tena Mei 2021. Nani atamwambia mtu wa Goma kwamba anaogopa bure?

Hakuna atakayekuambia hivyo. Tazama badala yake jinsi tahadhari inavyoisha. Shirika la Afya Duniani linasema kunawa kwa sabuni kunachukua sekunde 40 hadi 60. Baada ya hapo mikono ni safi na mtu anaendelea na kazi zake. Mwenye TOC hana sekunde ya mwisho. Ananawa mpaka "asikie" kwamba inatosha, na kusikia huko hakuji. Bidoni tatu za lita 20 zilizopandishwa kutoka ziwani kwa fedha zinaishia mikononi mwake kabla watoto hawajapikiwa.

Jiulize mambo matatu:

- Haya yote yakijumlishwa, yananila zaidi ya saa moja kwa siku?
- Yanavuruga kazi, shule, ndoa, sala au fedha ya nyumba?
- Mimi mwenyewe, kichwa kikitulia, naona kwamba nimezidisha?

Ukijibu ndiyo kwa mawili, tafuta msaada. La tatu likikosekana usijitoe: wapo wagonjwa, watoto hasa, wasioona kwamba wanazidisha.

Daftari la siku saba

Hapa ndipo ninapokuomba uvumilie. Nunua daftari la shule, la bei ya chini kabisa. Kwa siku saba andika, au mtu unayemwamini akuandikie kama hujui kuandika:

1. Wazo lilisema nini, kwa maneno yake yenyewe. Si "mawazo mabaya", bali "nimeshika mlango wa taksi, nitawaambukiza watoto".
2. Ulifanya nini kulituliza, mara ngapi, kwa dakika ngapi.
3. Ulikwepa nini: soko la Virunga, kisu, kanisa, kumshika mtoto.
4. Nani alikusaidia kutulia, na kwa namna gani.

Ukurasa wa nyuma andika mwaka ulipoanza, dawa ulizokwisha kumeza, magonjwa mengine (kifafa na moyo usivisahau), kama una mimba au unanyonyesha, na kama kuna ndugu wa damu mwenye shida ya namna hii.

Makosa yanayojirudia:

- Kufanya daftari lenyewe kuwa tendo jipya, kulinakili upya kila usiku ili liwe safi. Mistari mitano kwa siku inatosha, na makosa ya herufi yaachwe yalivyo.
- Kuficha wazo la aibu zaidi. Mawazo ya kuua, ya kulala na usiyepaswa, ya kumtukana Mungu katikati ya sala: madaktari wa akili wanayafahamu, yamo katika vitabu vyao vya mwaka wa kwanza. Ukishindwa kutamka, mpe daftari asome.
- Kusema "nilifikiria kumuua mtoto" ukanyamaza. Malizia sentensi: "wazo linanijia, silitaki, linanitisha, nafanya hivi na hivi kulikimbia." Nusu ya pili ndiyo inayomwonyesha msikilizaji kwamba wewe ni mgonjwa wa hofu na si mtu wa hatari.

Pa kubisha

Anza na Tulizo Letu. Ni kituo cha hospitali ya magonjwa ya akili na mishipa ya fahamu hapa hapa Goma, chini ya Mafurere wa Upendo, shirika la Kikatoliki ambalo padri Petrus Jozef Triest alilianzisha Gent, Ubelgiji, mwaka 1807. Huhitaji kuwa Mkatoliki. Huhitaji kulazwa pia. Mtu wa TOC kwa kawaida huonwa na kurudi kwake siku hiyo hiyo. Kabla ya kupanda moto, tuma mtu aulize siku za kuonwa na daktari, bei ya fishi na ya mashauriano, na kama kuna mwanasaikolojia wa kliniki. Tangu Januari 2025, M23 ilipoushika mji, benki zikafunga na uwanja wa ndege ukasimama, bei ya jana si ya kutegemea. Uliza leo.

Kituo cha afya cha kartie yako ni njia ya pili. Muuguzi anaweza kukupa barua ya kukutuma mbele, na barua hiyo husaidia. Ila usimtegemee autambue ugonjwa mwenyewe. Mwongozo wa mhGAP wa mwaka 2016, ambao Shirika la Afya Duniani liliuandika kwa wauguzi na madaktari wasio wa akili, una sura za huzuni kubwa, kifafa, ulevi na nyinginezo. TOC haikupewa sura yake. Akikutazama bila kuelewa, si uvivu. Mwonyeshe daftari, umwombe barua.

APS, wasaidizi wa kisaikolojia na kijamii wa mashirika, tunao wengi. Wamefunzwa kusikiliza waliobakwa, waliokimbia vita, waliofiwa, na wengi wao wanaifanya kazi hiyo kwa moyo. Kwa TOC wana hatari moja ya kimyakimya: wema wao. Kila ukiuliza "mikono yangu ni safi?" atakujibu kwa upole "ni safi, tulia", nawe utatulia hadi kona ya kwanza. Mtumie kama kiongozi wa njia, umwambie: "Nitume kwa mwanasaikolojia anayejua TOC."

Nje ya mji kuna SOSAME huko Bukavu na hospitali ya Ndera huko Kigali, zote zikiwa na mkono wa Mafurere wale wale. Usianze huko. Safari, mahali pa kulala na masharti ya mpaka, ambayo hubadilika, vinakula fedha ambayo ingelipa miezi kadhaa ya dawa. Nenda kama daktari wa hapa amekutuma, au miezi mitatu ya matibabu ya kweli imepita bila mabadiliko.

"Watu wataniona mlangoni"

Ndiyo, huenda wakakuona. Sina dawa ya hilo. Naweza kukuambia tu kwamba mlango huo huo unaingiwa na wenye kifafa, wenye kichwa kisichopona, wasiolala tangu vita, na wanaowasindikiza. Anayekuona hajui umefuata nini. Nenda asubuhi na mtu mmoja tu. Msafara wa shangazi wanne ndio utakaotangaza habari Birere nzima.

Maswali ya kumuuliza daktari au mwanasaikolojia

Msomaji mmoja wa Majengo aliona maswali haya ni utovu wa adabu. Si utovu. Yatanguliwe na "samahani, dogta" na yatapokelewa.

- "Umewahi kumtibu mtu wa TOC? Ulimtibu kwa njia gani?"
- "Unafahamu mazoezi ya kukabili kinachoogopwa bila kufanya tendo la kutuliza?"
- "Utanipima vipi nijue kama ninapona?" Kuna kipimo kiitwacho Y-BOCS, maswali 10, alama 0 hadi 40. Akikupima leo na baada ya miezi mitatu, mtaona kwa tarakimu.
- "Dawa hii ni ya nini, na nisipoona kitu nirudi lini?"

Uwe macho ukisikia haya: "Jikaze tu, uache." "Tutachimba utoto wako kwanza, mazoezi baadaye." "Sindano hii itamaliza kwa wiki moja." Na yule anayekuandikia diazepamu kwa miezi bila kitu kingine, mshukuru, utafute mwingine. Diazepamu inalaza. TOC inaamka nawe asubuhi.

Vita navyo vinaweza kumpotosha hata daktari mzuri. Akisikia unatoka Masisi au ulilala kambini Mugunga, ataona majeraha ya vita kabla ya kitu kingine. Huenda unayo yote mawili. Msimulie vita, kisha rudisha daftari mezani.

Dawa

Dawa za kwanza ni zile za kundi la fluoksetini na setralini. Ya zamani zaidi ni klomipramini, na ndiyo iliyotajwa kwa ajili ya ugonjwa huu katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Daktari ndiye anayechagua na kupanga dozi. Wewe jua haya:

- Ni dawa za taratibu. Hupimwa baada ya wiki 8 hadi 12, na dozi ya TOC mara nyingi huwa kubwa kuliko ya huzuni. Wanaoacha wiki ya tatu wakisema "haifanyi kazi" ni wengi mno.
- Wiki mbili za mwanzo unaweza kuhisi kichefuchefu, kutotulia, usingizi kukatika. Mara nyingi hupita. Lakini mawazo ya kujiua yakija au kuongezeka, hasa kwa kijana, rudi siku hiyo hiyo.
- Usikate ghafla. Nunua kabla boksi halijaisha, uwe na akiba ya wiki kadhaa ukiweza. Barabara ikifungwa, ugonjwa hausubiri.
- Usichanganye na tramadoli, ambayo hapa inauzwa kama peremende. Pamoja zinaweza kuleta degedege na hatari nyingine kubwa.
- Klomipramini ikizidishwa inaweza kuua, kwa njia ya moyo. Boksi likae mbali na watoto. Mwenye kifafa au ugonjwa wa moyo aseme mapema.
- Kama uliwahi kuwa na siku za furaha ya kupita kiasi, bila usingizi, ukitapanya fedha, mwambie daktari kabla ya kidonge cha kwanza.
- Famasia ni nyingi kuliko maduka ya mikate. Chagua moja, soma tarehe ya mwisho, usikubali vidonge vilivyomwagwa kwenye karatasi.

Mazoezi, na kwa nini yanauma

Mwaka 1966 mwanasaikolojia Victor Meyer wa London alichapisha habari za wagonjwa wawili ambao aliwazuia kufanya matendo yao huku wakikabili walichokiogopa. Walipata nafuu. Njia hiyo, ikiwa imelainishwa, ndiyo inayotumika hadi leo, na inafaa hata pale dawa inapokosekana.

Inafanywa kwa ngazi. Mnaandika hofu kumi, kutoka ndogo hadi kubwa, mnaanza na ndogo. Tuseme wewe ni wa mlango wa taksi: unaushika, unakaa dakika kumi bila kunawa, hofu inapanda, unaiacha ipande, unakaa nayo. Unarudia kesho, na keshokutwa dakika ishirini. Kwa wa mbabula: unaimwagia maji mara moja, unaitazama mara moja, unafunga mlango, unakwenda kazini na shaka yako mfukoni. (Mimi nakagua kufuli mara mbili, nakiri. Mara ya tatu sijafika.)

Wengi huuliza kama zoezi litawaambia wale bila kunawa wakati wa kipindupindu. Hapana. Kunawa kabla ya kula na baada ya choo kunabaki, mara moja, kwa sabuni, dakika moja. Mwanasaikolojia anayekutaka unywe maji ya ziwa yasiyotibiwa ili upone, mwache hapo hapo.

Kosa kubwa ni kuruka ngazi. Mume anamshika mke mikono kwa nguvu asinawe. Hilo si zoezi, ni mateso, na litamfanya aogope hata matibabu. Anayepanda ngazi ni mgonjwa, kwa ridhaa yake.

Nyumba nzima huwa mgonjwa

Baba anayejibu "ndiyo, umefunga" mara ishirini kila usiku anafanya kwa upendo, na anaulisha ugonjwa. Dada anayechota maji ya ziada, vilevile. Msikate vyote kwa siku moja. Kaeni barazani wakati wa utulivu, mkubaliane: juma hili nitajibu mara tano, juma lijalo mara tatu. Akiuliza zaidi, jibu liwe moja, bila ukali: "Mama, hilo ni swali la ugonjwa, tulikubaliana." Kama ni mtoto, mwalimu aelezwe kwa ufupi, asije akamchapa kwa kuchelewa kumaliza kuandika.

Mchungaji, imamu na chumba cha maombi

Sali. Sikuandikii uache. Ila tofautisha kiongozi anayekuombea na kukusindikiza hospitali na yule anayekufungia ndani siku saba bila chakula, anayekuchapa pepo atoke, au anayeagiza utupe dawa kama alama ya imani. Kwa wa pili, ondoka, hata kama ni mjomba wako. Kadhalika kwa mganga anayetaja jirani aliyekuloga: utaondoka na ugonjwa wako pamoja na adui mpya.

Ambaye TOC yake imevaa mavazi ya dini, anaungama dhambi ile ile mara kumi kwa juma au anarudia udhu mpaka swala inampita, amwombe padri au imamu wake kanuni moja iliyo wazi: ungamo mara moja kwa mwezi, udhu mara moja, usirudie hata ukiwa na shaka. Viongozi wengi wa dini hulikubali jambo hili upesi kuliko tunavyodhani. Andika jina la kiongozi huyo kwenye daftari, mwanasaikolojia anaweza kutaka kuzungumza naye.

Wakati wa kutosubiri

Nenda leo, hata usiku kwa hospitali iliyo karibu, kama mgonjwa anasema atajiua au amejaribu, ameacha kula na kunywa kwa kuogopa uchafu, anasikia sauti wasizosikia wengine, au amekunywa klori au vidonge vingi. Daftari libaki nyumbani, mtalifuata baadaye.

Ziara ya pili

Wengi huenda mara moja tu. Siku ya kwanza, kabla hujatoka kwenye lango, andikisha tarehe ya kurudi na uulize nani atakuona kama daktari huyo hayupo, maana siku hizi watu wanahama na mji kabla ya mwezi kuisha. Omba jina la ugonjwa, dawa na dozi viandikwe kwenye karatasi. Ipige picha kwa simu, mtumie picha hiyo ndugu aliye nje ya mji. Wale waliokimbia mwaka 2021 lava iliposhuka waliacha karatasi zao ndani.